Batri ya gari ndani ya nyumba: afadhali kufundisha kuliko kukataza

GOMA – Magaribi inapofika, kuna kazi inayoanza katika avenyu nyingi za mji wa Goma. Shofa wa teksi anafika nyumbani, anazima gari, anainua kapo, anafungua waya na kutoa batri. Anaiingiza ndani ya nyumba. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni wezi: batri inayolala nje ndani ya gari inaweza kukosekana asubuhi. Ya pili ni giza: batri hiyo hiyo ndiyo inayowasha ampuli mbili za nyumba, inasikilizisha redio na kuchaji simu za wenye nyumba, pamoja na simu za jamaa waliokimbia vita ambao wanalala katika chumba cha nyuma. Kesho yake alfajiri batri inarudi ndani ya gari, na siku inaanza upya.

Katika familia nyingi, shofa hafanyi kazi hiyo mwenyewe. Amechoka, anataka kuoga na kula. Anaitwa kijana wa nyumba, pengine mwenye miaka 12 au 13. Anashika kle ya 10 kwa mkono mmoja na tochi ya simu kwa mkono mwingine, anafungua waya wowote ulio karibu. Hakuna aliyemwambia ni upi wa kwanza na ni upi wa mwisho. Siku nyingi hakuna kinachotokea, na kila mtu anaamini kwamba kazi hiyo haina hatari. Siku moja cheche inaruka, na jicho la mtoto ndilo linalolipa.

Wako watu wazima wanaosema dawa ya jambo hili ni kukataza: batri za magari zisiingie ndani ya nyumba, wala ndani ya mahema ya wahami. Nia yao ni njema, lakini katazo hilo halitafuatwa hata wiki moja. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na batri aliweza kupata habari kwa redio na kupigia ndugu zake simu ili kujua nani yuko hai. Aliyekosa batri alibaki kusikiliza milio ya silaha bila kujua inaelekea wapi. Baada ya hayo, nani atamwambia mama wa watoto sita aitoe batri nje na kukaa gizani?

Tena, kwa muhami, batri ni mtaji. Mwezi wa tano 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wakakimbilia Sake, Rutshuru na Bukavu, familia zilibeba kile kilichoweza kuzisaidia kuanza tena maisha. Batri moja na pano ndogo ya jua vinatosha kufungua meza ya kuchaji simu kando ya njia, na faida ya siku inanunua unga wa muhogo. Kumkataza mtu huyo batri ni kumwondolea kazi. Kilicho cha haki ni kumfundisha.

Na mafunzo yenyewe si marefu. Mambo ya lazima yanaweza kusemwa redioni katika dakika kumi, na mtoto wa shule ya msingi akayarudia bila kukosea. Shida ni kwamba mafundi wa garaji wanayajua na kukaa nayo kama siri ya kazi, na wakubwa wa mitaa wanaona si kazi yao.

La kwanza ni kujua hatari iko wapi. Watu wengi hugusa vichwa viwili vya batri kwa vidole na, kwa kuwa hawapigwi na umeme, wanasema batri haina nguvu. Ni kweli kwamba volti 12 kwa kawaida haziumizi mkono mkavu. Lakini batri hiyo inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja, kwa sababu imetengenezwa ili kuamsha injini ya gari. Chuma kikigusa vichwa vyote viwili kwa pamoja, umeme wote unapita katika chuma hicho. Kle inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Pete ya ndoa inaweza kuunguza kidole hadi mfupa. Ndiyo maana fundi mwenye akili huvua pete, saa na bangili kabla ya kuinama juu ya batri.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Batri inapochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni. Wakaaji wa Goma wanajua vizuri gesi isiyoonekana, kwa sababu wanaishi na mazuku, ile hewa nzito inayolala katika mabonde na kuua mbuzi, na hata watu, bila kelele. Gesi ya batri ni kinyume cha mazuku. Mazuku inashuka chini. Gesi hii ni nyepesi kuliko hewa mara 14, inapanda juu na kujikusanya chini ya dari, au chini ya turubai la hema. Mazuku inamnyima mtu pumzi. Hii inangoja cheche. Ikifika sehemu 4 tu kwa 100 za hewa ya chumba, moto mdogo unatosha kuilipua. Moto huo unaweza kutoka kwa mshumaa, kwa sigara, kwa mbabula ya makaa, au kwa waya wa batri uliofunguliwa vibaya.

Hatari ya tatu ni maji yaliyo ndani ya batri. Hayo si maji ya kawaida, ni asidi ya salfa. Inatoboa nguo, inaunguza ngozi, na ikiingia ndani ya jicho inaweza kulipofusha. Batri ikipasuka, inarusha asidi hiyo pamoja na vipande vya plastiki usoni mwa aliyeinama juu yake.

Mwenye kuyajua hayo matatu hahitaji kuogopa batri. Anahitaji kufuata utaratibu. Kwanza, bidoni ya maji safi iwe karibu kabla ya kazi kuanza, si baada ya ajali. Injini izimwe, taa na redio zizimwe, ufunguo utolewe, na gari liachwe litulie dakika chache. Nyumbani, ampuli zote zizimwe. Kama kuna konvertisa, hiyo ndiyo ya kuzimwa mbele ya vyote, kwa sababu inageuza volti 12 kuwa 220, na 220 zinaua. Kama batri ilikuwa inachajiwa, chaja izimwe kwanza kwenye umeme wa ukutani, mlango ufunguliwe, hewa izunguke, ndipo vibanio vya waya vitolewe. Wengi hufanya kinyume: wanavuta vibanio chaja ikiwa bado inawaka, na cheche inaruka pale pale ambapo gesi imejaa.

Kisha inafuata kanuni ambayo kila mtoto wa Kivu angepashwa kuijua kama anavyojua jina la avenyu yake. Negatifu, yaani upande wenye alama ya kutoa (−), ndiyo ya kwanza kufunguliwa na ya mwisho kurudishwa. Ni kama mama wa nyumba: anatoka wa kwanza asubuhi kwenda shambani au sokoni, na magaribi anarudi wa mwisho. Positifu, wenye alama ya kujumlisha (+), unatoka nyuma yake na unarudi mbele yake.

Kanuni hiyo si desturi tu ya mafundi. Katika karibu magari yote ya leo, negatifu imefungwa kwenye mwili wa gari. Maana yake, chuma chote cha gari ni kama negatifu moja kubwa. Mtu akianza kufungua positifu huku negatifu ingali imefungwa, kle yake ikigusa chuma chochote cha gari, hata kwa nusu sekunde, ameunganisha pande mbili za batri. Lakini akitoa negatifu kwanza, njia ya umeme imekatika. Hata kle ikigonga mwili wa gari wakati wa kufungua positifu, hakuna kitakachotokea. Na wakati wa kurudisha ni vivyo hivyo: positifu inafungwa na kukazwa wakati njia ingali imekatika, halafu negatifu inamalizia.

Alama zikiwa zimefutika, rangi ya waya si ushahidi. Katika magari mengi yaliyotumika ambayo yanaingia Kivu, waya zimeunganishwa na kuunganishwa tena, nyekundu imekuwa nyeusi na nyeusi imekuwa buluu. Kichwa cha positifu kwa kawaida ni kinene kidogo kuliko cha negatifu. Mwenye kutazama vizuri ataona tofauti. Kama bado kuna shaka, mita ya fundi itasema ukweli kwa sekunde moja. Kurudisha waya kinyume ni hasara kubwa: fyuzi zinaungua, altaneta inaweza kuharibika, na kompyuta ya gari nayo inaweza kufa. Shofa aliyeokoa franka chache kwa kutomwita fundi anajikuta amepoteza kazi ya mwezi mzima.

Waya iliyotolewa isiachwe ikining'inia karibu na kichwa cha batri. Ifunikwe kwa kitambaa kikavu au kipande cha mpira wa chemba, na vichwa vya batri vifunikwe vilevile. Batri ibebwe ikiwa imesimama wima, kwa mikono miwili, mbali na tumbo na uso. Nyingi zina uzito wa kilo 10 hadi 20, kwa hiyo si mzigo wa mtoto. Ikisafirishwa kwa motari au kwa chukudu, ifungwe kwa kamba isilale, na isiwekwe chini ya misumari au vyuma vinavyoweza kuangukia vichwa vyake.

Ndani ya nyumba, mahali pa batri si chini ya kitanda wala kando ya mbabula. Ni pembeni, juu ya kipande cha ubao, karibu na dirisha au mlango, mahali ambapo watoto hawafiki. Katika hema hakuna pembe ya namna hiyo, na hapo ndipo viongozi wa wahami wanapashwa kusaidia: kutenga mahali pamoja nje, penye paa dogo na pande zilizo wazi, ambapo batri zote zinachajiwa zikilindwa na mtu. Mahema yanapakana, na moto wa moja unakula kumi. Kibanda kama hicho kinahitaji miti minne, turubai moja na mtu mwaminifu.

Asubuhi, kabla ya batri kurudi ndani ya gari, vichwa vyake vitazamwe. Mara nyingi vina unga mweupe au wa kijani. Unga huo unazuia umeme kupita vizuri, na ndio unaomfanya shofa aseme batri imekufa wakati ingali hai. Unasafishwa kwa maji yaliyochanganywa na bikarbonati, ile ambayo akina mama wanatia katika mandazi, na brashi ya meno ya zamani. Vifuniko vya batri viwe vimefungwa ili maji hayo yasiingie ndani. Baada ya hapo vichwa vinakaushwa, waya zinafungwa na kukazwa, na grisi kidogo inapakwa juu. Waya iliyolegea ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa inaleta joto na cheche gari likiruka juu ya mawe ya volkano. Shofa pia asishangae saa ya gari ikianza upya, au redio ikidai namba ya siri. Gari limesahau tu, halijaharibika.

Batri zenye vifuniko vya kufungua zinahitaji pia kunyweshwa. Kinachoongezwa ni maji yaliyosafishwa ya batri, siyo ya bomba wala ya ziwa. Tabia ya kuongeza asidi mpya kila batri inapodhoofika, inayopendekezwa na wauzaji fulani, inaimaliza batri mapema na kumweka mnunuzi hatarini bila faida.

Kuna jambo lingine ambalo wenye batri hawaambiwi. Batri ya gari imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi na kujazwa mara moja. Haikuumbwa kuwasha ampuli usiku kucha hadi iishiwe. Ikipima volti 12.6 imejaa, ikishuka hadi 12.2 imebaki na karibu nusu, na huo ndio wakati wa kuzima. Familia inayoinyonya hadi mwisho kila usiku itanunua nyingine kabla ya mwaka kwisha. Bei ya batri mpya kila mtu anaijua.

Na kama ajali imetokea? Asidi ikigusa ngozi au jicho, dawa ni maji safi, mengi, mara moja, kwa dakika 20 bila kuacha, jicho likiwa wazi na bila kusuguliwa. Maziwa hapana, mafuta ya ngazi hapana, majani hapana. Baada ya maji ni kituo cha afya. Katika familia nyingi za wahami, bidoni ya lita 20 imeletwa kwa miguu kutoka mbali, na mama anaweza kusita kuimwaga yote. Asisite. Maji yatachotwa tena kesho, jicho halichotwi.

Limebaki swali la batri iliyokufa kabisa. Neno risasi katika Kivu linawafanya watu wainame, kwa sababu ya bunduki. Lakini kuna risasi nyingine, ile ya madini, ambayo imejaa ndani ya kila batri ya gari. Anayevunja batri nyuma ya nyumba ili kuyeyusha madini hayo na kuyauza anaacha vumbi lenye sumu katika uwanja ambapo watoto wanacheza. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa mahali ambapo wakaaji walikuwa wakikusanya na kuchekecha mabaki ya batri ili kupata risasi. Sumu hiyo inaingia kimya, na inaharibu akili ya mtoto hata isipomuua. Batri iliyokufa irudishwe kwa muuzaji ikiwa nzima, na muuzaji anayeuza mpya akubali kuipokea.

Wapo watakaosema kwamba watu wenye njaa na woga hawana nafasi ya kusikiliza mambo ya kle na waya. Ni kinyume. Tajiri akiungua na asidi atapelekwa hospitali kwa gari lake. Muhami akiungua, familia nzima inauza kile kilichobaki ili kumtibisha, na mara nyingi kile kilichobaki ni batri yenyewe. Aliye na kidogo ndiye anayehitaji zaidi kujua namna ya kukilinda.

Kwa hiyo kazi inaweza kugawanywa, na haidai pesa za mfadhili. Kila garaji imfundishe shofa pamoja na kijana wake siku wanapokuja kutengenezwa gari, kwa dakika kumi, bila kulipisha. Anayechaji batri za watu asimrudishie mtu yeyote batri ambayo vichwa vyake havijafunikwa, na asimkabidhi mtoto mdogo. Chefu wa avenyu aliseme jambo hili katika mkutano wa Salongo, watu wakiwa wamekusanyika. Klabu za wasikilizaji wa redio zilirudie kwa Kiswahili, Kinande, Mashi na Kihunde. Na baba anayemtuma mwanawe kufungua batri gizani aanze kwa kumwuliza swali moja: upi unatoka kwanza?

Mtoto akijibu kwamba ni negatifu, na kwamba ndiyo itakayorudi mwisho, ashikiwe tochi na mtu mzima na aangaliwe anavyofanya. Asipojua, baba aiweke sahani chini kwanza na kwenda kumwonyesha. Chakula kitapoa kidogo, lakini kesho alfajiri gari litawaka, na aliyelifungia batri atakuwa na macho yake mawili.